Naomba ushauri: watoto na "nahitaji" za likizo

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Shule zikifungwa tu, kila wanachokiona wanakihitaji. Neno lao ni hilohilo, "nahitaji", iwe ni madaftari ya muhula ujao au mdoli wa tatu.

Nimewaeleza kwamba hitaji ni kitu ambacho ukikikosa unaumia: chakula, mavazi, dawa, mahali pa kulala. Yule mkubwa akaniuliza, "Mbona viatu vyangu vya zamani vilikuwa vinanitosha na bado ukaninunulia vipya?" Nilikosa jibu, maana alisema kweli. Viatu ni hitaji, lakini jozi ya pili ilikuwa matamanio, tena yangu mimi.

Sasa nafikiria kumpa kila mmoja kiasi kidogo cha fedha mwanzoni mwa likizo, apange mwenyewe, kikiisha kimeisha. Ila mdogo akimaliza zote siku ya kwanza, nimwache alie au nimwongezee? Na kwa umri wake anaelewa kweli, au nitakuwa namwonea? Sitaki pia wakue wakidhani kutamani kitu ni kosa.

Mliopitia hili, mlianzaje?