Mjadala: Je, mzaha unaisafisha King Solomon's Mines ya 1985?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila inapotajwa King Solomon's Mines ya Richard Chamberlain na Sharon Stone huzuka kambi mbili. Wapo wanaosema ni filamu ya kibaguzi, isionyeshwe tena kwenye televisheni watoto wakiwa macho. Wengine wanajibu kwamba ile ni komedi ya bajeti ndogo, inamcheka kila mtu, na anayeinunia hajui mzaha. Mimi siungi mkono kuifungia. Lakini utetezi wa "ni mzaha tu" naukataa kabisa.

Kwa ambaye hajaiona: msichana Jesse anamkodi mwindaji Allan Quatermain amtafutie baba yake, profesa aliyetekwa kwa ajili ya siri ya migodi ya Mfalme Sulemani. Wanaowania hazina hiyo pia ni Kanali Bockner, Mjerumani anayesafiri porini na muziki wa Wagner, na Dogati, Mturuki mfanyabiashara ya watumwa. Waliotoa fedha ni kampuni ya Cannon ya Menahem Golan na Yoram Globus, waliotaka kuvuna pale filamu za Indiana Jones zilipovuna. Walipiga picha Zimbabwe, wakaunganisha hukohuko na filamu ya pili ya Quatermain.

Sasa twende kwenye chungu. Quatermain na Jesse wanakamatwa na wala watu, wanatumbukizwa kwenye chungu kikubwa kama nyumba, mboga zikielea pembeni yao. Ndilo tukio ambalo kila aliyeitazama analikumbuka. Watetezi husema: mbona Mjerumani naye amefanywa kikaragosi, na Mturuki vilevile? Ni kweli. Ila Bockner ana jina, ana cheo, ana kiburi chake na muziki anaoupenda. Dogati ana tamaa zake na hila zake. Tunawacheka kwa tabia zao, kama anavyochekwa mtu. Wale wa kwenye chungu hatuwajui kwa lolote ila njaa. Huwezi kuniambia mizani ni moja hapo.

Na hoja ya bajeti haisaidii. Chungu kama kile hakikuokotwa, kilitengenezwa kwa fedha na kwa mafundi. Mazungumzo mawili matatu ya maana kati ya Quatermain na wenyeji yangegharimu kidogo zaidi. Waliamua fedha yao iende wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kitabu chenyewe, ambacho filamu ilitokana nacho, hakina chungu hicho. H. Rider Haggard alikitoa mwaka 1885, mwaka uleule Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulipomalizika, na mawazo ya kikoloni yamejaa humo, sitaki kuyaficha. Hata hivyo Umbopa wa kitabuni ni mfalme aliyedhulumiwa, anayerudi kudai kiti chake. Akishakipata anatangaza kwamba hataki wachuuzi wa bunduki na pombe nchini mwake, wala wahubiri, na hakuna mzungu atakayekuja tena kutafuta mawe yale. Likija jeshi, atapigana nalo. Haya yaliandikwa na Mwingereza wa enzi ya Malkia Victoria. Miaka 100 baadaye, filamu ikamchukua mwigizaji hodari wa Afrika Kusini, Ken Gampu, kwa nafasi hiyohiyo, lakini tunachobaki kukikumbuka ni chungu.

Kuna wanaouliza: kama ilikuwa matusi, mbona Zimbabwe, miaka 5 tu baada ya uhuru, iliwapokea? Nchi changa ilihitaji fedha za kigeni na kazi kwa watu wake, na ni mlango huohuo uliomwingiza mwongozaji Richard Attenborough kuja kupiga filamu ya Cry Freedom, iliyotoka 1987. Ruhusa ya kupiga picha haimfanyi mwenyeji kuwa mwandishi wa hadithi.

Tena Zimbabwe ndiyo mahali pa mwisho pa kuicheza hadithi hii bila kufikiri. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta za mawe za Great Zimbabwe, akazihusisha na Malkia wa Sheba, kwa sababu hakuamini kuwa zimejengwa na Waafrika. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alichimba 1905 akasema ni kazi ya Waafrika. Mwenzake Gertrude Caton-Thompson akachimba tena 1929 akasema hivyohivyo. Mwaka huohuo wa 1929 ndipo Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Kiswahili ya kitabu cha Haggard iliyofanywa na Frederick Johnson, ilipotoka, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wakaisoma. Yaani ukweli ulifukuliwa, sisi tukapewa ngano. Na utawala wa walowezi wa Ian Smith, nchi ikiitwa Rhodesia, uliendelea kuubana ukweli huo miaka mingi baadaye, hadi nchi ilipopata uhuru na kuchukua jina la kuta zenyewe.

Hazina halisi ilikuwepo. Dhahabu ya nyanda zile ilishuka hadi bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikaitajirisha Kilwa, na sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa imepatikana Great Zimbabwe. Hapo pana safari ya jahazi, pana hila za wafanyabiashara, pana vicheko vya kutosha filamu tatu. Ndiyo maana nasema televisheni zetu ziionyeshe ile ya 1985 kwa anayeitaka, saa za usiku, na kabla yake ziweke hata robo saa ya kueleza habari za Great Zimbabwe na Kilwa.

Wanaoitetea nawakaribisha, ila msinijibu kwamba nimekosa ucheshi. Nitajieni tukio moja tu katika filamu ile ambamo Mwafrika ndiye anayetoa mzaha na mzungu ndiye anayechekwa.