Taa ya betri na ya breki zinawaka pamoja, tena hafifu (Corolla ya 1996)

DadaWaCorolla

Wakuu, naombeni msaada. Nina Corolla ya 1996, otomatiki, nimeachiwa na baba mdogo baada ya macho kumgomea. Kitabu cha gari hakipo, na hata kingekuwepo kingekuwa cha Kijapani.

Wiki ya tatu sasa kuna taa mbili nyekundu zinawaka pamoja: ya betri, na ile yenye alama ya mshangao ndani ya duara. Haziwaki kama taa za heshima. Mchana huzioni kabisa. Usiku ndiyo zinajitokeza, hafifu, kama kaa linalotaka kuzimika, na nikikanyaga mafuta zinakolea kidogo. Handibreki nimeivuta na kuishusha mara kumi. Oili ya breki iko katikati ya MIN na MAX. Breki zinashika, na asubuhi gari linawaka kwa mkupuo mmoja. Sasa taa hizi zinanidai nini?

Halafu kuna ya njano imeandikwa O/D OFF, inakuja na kuondoka inavyotaka.

KifaruWaLami

Dada, rudia kuangalia kikombe cha oili ya breki gari likiwa mahali patambarare. Pedi za breki zikilika, pistoni zinazozisukuma zinatoka nje zaidi, oili inazifuata huko chini, na kikombe kinapungua bila kuvuja popote. Ndani kuna boya. Ukikata kona oili inahamia upande, boya linashuka, taa inawaka sekunde mbili halafu inatulia. Langu lilinifanyia hivyo mwezi mzima.

DadaWaCorolla

Asante mkuu, ila kona hazibadilishi kitu. Zinawaka moja kwa moja, mbili pamoja kama mapacha.

FundiWaya

Hao mapacha mama yao ni alteneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini kuchaji betri. Breki ziache kwanza.

Taa ya betri haipimi betri, ingawa imechorwa betri. Upande mmoja inapata umeme kutoka betri, upande wa pili imeungwa na alteneta. Alteneta ikichaji sawasawa, pande mbili zinalingana, hakuna umeme wa kupita katikati, taa inazima. Diodi moja ya ndani (kijisehemu kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) ikifa, pande hazilingani tena, umeme kidogo unapenya, ndiyo hilo kaa lako. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile taa ya breki imeunganishwa na waya huohuo wa alteneta ili ijaribiwe unapofungua swichi, kwa hiyo alteneta ikiyumba zinalalamika zote mbili.

Chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Washa injini: utafute 13.8 hadi 14.5. Kisha washa taa kubwa, feni na AC, usome tena. Kagua pia mkanda wa alteneta kama umelegea.

O/D OFF: kuna kitufe ubavuni mwa gia, mkono wako unakibonyeza bila kujua. Gia ya juu kabisa inafungwa, injini inapiga kelele na kula mafuta, basi. Ila siku ikianza kupepesa yenyewe, hapo gia boksi inakuita.

Na jambo moja watu hawalifanyi. Fungua swichi mpaka ON, usiwashe injini, kisha hesabu taa. Usitafute zinazowaka, tafuta ISIYOWAKA. Betri, oili, breki na ile ya injini zote lazima ziwake hapo. Magari ya mkononi yana siri zake. Nimeshafungua dashibodi nikakuta taa ya injini imezibwa kwa utepe mweusi.

DadaWaCorolla

Vipimo: imezimwa 12.4. Injini inaunguruma 13.1. Nikiwasha kila kitu, 12.2. Mkanda umekaza vizuri.

Kitufe cha gia ni kweli, nimecheka peke yangu ndani ya gari.

Lakini hesabu imenitia baridi. Kwenye ON ya oili haiwaki. Nimerudia mara nne. Kile kikopo chekundu sijawahi kukiona, na mimi nilikuwa najisifu kwamba oili haina tatizo kwa sababu taa haijawahi kuwaka! Kijiti nimekichomoa, oili imefika alama ya juu.

FundiWaya

12.2 injini ikiwa inaunguruma maana yake betri ndiyo inalisha gari. Peleka alteneta ikafunguliwe kabla hujalala njiani.

Hili la oili ni kubwa zaidi. Kijiti kinakwambia oili ni nyingi kiasi gani, hakikwambii kama pampu inaisukuma. Taa ndiyo inajua presha. Ikiwaka barabarani unazima injini hapohapo, husubiri kufika.

Kwenye bloku (mwili wa injini), jirani na filta ya oili, kuna swichi ndogo yenye waya mmoja. Uchomoe, uguse chuma cha injini, ufunguo ukiwa ON. Taa ikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, shida ni balbu au waya.

KifaruWaLami

Au mtu kachomoa balbu 😅

DadaWaCorolla

Kifaru, una mdomo wa kichawi. Fundi katoa dashibodi, tundu la taa ya oili lilikuwa tupu kabisa. Tumeweka balbu: kwenye ON inawaka, injini ikiwaka inazima. Ila ikishapata moto, nikisimama kwenye D mguu ukiwa kwenye breki, inapepesa.

FundiWaya

Usiichomoe tena! Na usiendeshe kwanza. Afungue ile swichi, afunge geji ya mkono ya kupima presha hapo, apime injini ikiwa ya moto. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika itafute presha ya bar 2.5 hadi 5. Ikiunguruma tu inashuka sana, hiyo ni kawaida, ilimradi isikaribie sifuri.

DadaWaCorolla

Mrejesho, wakuu. Alteneta ilikuwa na diodi mbili zimekufa, zimebadilishwa, sasa nasoma 14.1 na mapacha wamelala. Geji ya oili: 1.1 ikiunguruma, 3.4 kwenye 3,000. Swichi ndiyo ilikuwa mgonjwa, oili ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye soketi ya waya. Imewekwa mpya, taa haipepesi tena.

Nimempigia baba mdogo kumuuliza habari za balbu. Amekumbuka vizuri sana. Anasema aliitoa mwenyewe kwa sababu ilikuwa inamsumbua macho usiku.