Je, inawezekana kupata maharage yanayostahimili udongo uliochoka?

Mkulima wa Mbozi
Ndugu wanajukwaa, nalima maharage katika udongo mwekundu ambao vipimo vimeonyesha una tindikali nyingi na fosforasi kidogo. Majani yanabaki madogo yenye kijani kilichokolea, maua yanachelewa, na maganda ni machache. Bwana shamba anashauri chokaa na mbolea ya kupandia, ushauri ninaoukubali, ila gharama yake inawashinda wengi huku kwetu. Je, wagunduzi wa mbegu wanaweza kutupatia maharage yanayostahimili udongo wa namna hii kwa asili yake? Na kwa nini mbegu zinazosifiwa vituoni zikifika mashambani kwetu zinadumaa?

Mtafiti wa Mikunde
Ndugu Mkulima, inawezekana, na swali lako la pili ndilo linalofungua la kwanza. Mbegu inapochaguliwa katika shamba lililowekwa mbolea kwa miaka mingi, mmea wenye mizizi dhaifu hushiba sawa na wenye mizizi hodari, hivyo mtafiti hana namna ya kuutambua na kuuondoa. Mbegu ya udongo maskini sharti ichaguliwe katika udongo maskini, na ichaguliwe kwa kutazama mizizi.

Fosforasi haisogei na maji kama naitrojeni. Katika udongo mwekundu hushikwa na madini ya chuma na alumini, na sehemu kubwa ya ile inayofaa mmea hubaki katika tabaka la juu, kwa hiyo mzizi ndio unaopaswa kuifuata. Jonathan Lynch na wenzake wa Pennsylvania State University wameonyesha kwamba maharage ambayo mizizi yake ya pembeni hutambaa karibu na uso wa ardhi, yakiwa pia na vinyweleo virefu vya mizizi, hupata fosforasi nyingi zaidi. Utafiti wa Magalhães Miguel na wenzake, uliofanyika mashambani nchini Msumbiji na kuchapishwa mwaka 2015, unanivutia kuliko yote: katika uhaba wa fosforasi, vinyweleo virefu peke yake viliongeza ukuaji wa mmea kwa asilimia 89, mizizi ya juujuu peke yake kwa asilimia 58, lakini sifa zote mbili zilipokutana ongezeko lilifika asilimia 298.

Tindikali ni adui mwingine. pH, yaani kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 5 hivi, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha kitropiki nchini Kolombia, waliyachavusha maharage yetu ya kawaida na ndugu yake, Phaseolus coccineus, ambaye huistahimili alumini vizuri zaidi.

Mkazi wa Babati
Nakubaliana na Mtafiti, ila tusisahau kwamba mbegu haiumbi fosforasi. Mizizi hodari huchota kilichomo, na kila gunia linalokwenda sokoni huondoka na sehemu yake, kwa hiyo samadi na masalia ya mazao lazima virudi shambani. Zaidi ya hayo, kwa nini tung'ang'anie maharage peke yake? Huku tunachanganya mahindi na mbaazi. Mwaka 1990 watafiti waliofanya kazi ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makame huko India, walieleza kuwa mizizi ya mbaazi hutoa asidi ya pisidiki, ambayo huifungua fosforasi iliyoshikwa na chuma. Nao wagunduzi waangalie rangi ya punje na muda wa kuiva jikoni, kwa maana mbegu ngumu shambani isiyonunulika sokoni mkulima ataiacha tu.

Mkulima wa Mbozi
Nashukuruni sana. Mimi mwenyewe ninaweza kuzipima aina nilizonazo?

Mtafiti wa Mikunde
Unaweza. Panda kila aina katika mistari miwili, mmoja ukiuwekea fosfati ya Minjingu, mbolea ya mwamba wa fosfati wa hapa Tanzania, ambayo huyeyuka vizuri penye tindikali, na mwingine bila kitu. Aina unayoitafuta ni ile ambayo mstari wake usiowekwa kitu haupitwi mbali na mwenzake, huku ukizaa vizuri. Aina inayozaa kidogo kotekote haikufai hata kama mistari yake inalingana. Wakati wa kutoa maua, ng'oa miche michache kwa jembe pamoja na bonge la udongo, iloweke, isuuze taratibu, kisha tazama kama mizizi inayotoka chini ya shina imetanda kwa upana au imezama moja kwa moja. Vipasue pia kwa ukucha vinundu vilivyo kwenye mizizi: vyenye wekundu ndani vinatengeneza naitrojeni, vyeupe au vya kijani havifanyi kazi, na mara nyingi uhaba wa fosforasi ndio unaovidhoofisha. Kwa kuwa maharage hujichavusha yenyewe, mbegu za mstari utakaoupenda unaweza kuzihifadhi na kuzipanda tena bila kupoteza sifa zake, mradi uchague miche isiyo na ugonjwa.