Kujiongeza kwenye grupu bila kulogauti: newgrp, su au sg?

binti_ujiji: Habari zenu wakuu. Niko hapa Kigoma natengeneza kifaa cha kupima joto kwenye chanja za kukaushia dagaa, bodi ni Arduino, kompyuta ni Linux. Nimeshapiga `sudo usermod -aG dialout $USER` ili nijiongeze kwenye dialout, grupu la wanaoruhusiwa kutumia porti za serial, ila /dev/ttyUSB0 (porti ya bodi) bado inanikatalia, na kulogauti siwezi maana kuna faili kubwa linashuka kwa bando la usiku, likikatika ndo basi tena. Mnatumia ipi?

fundi_kibirizi: Dada piga `newgrp dialout` hapohapo kwenye teminali, unapata saa hiyohiyo. Ila inafanya dialout iwe grupu lako kuu humo ndani, kila faili utakalotengeneza linakuwa la dialout, kama mna folda ya pamoja na wenzako itawasumbua. Mi naitumia kwa kazi fupi, nikimaliza `exit`.

seva_tabora: Mi huku Tabora kura yangu ni `su - $USER`. Inaomba paswedi yako, inasoma magrupu yote upya na grupu kuu halibadiliki. Ubaya wake inakurudisha kwenye folda yako ya nyumbani na zile variable ulizokuwa umezi-export zinapotea.

binti_ujiji: newgrp imekubali kwenye teminali, ila programu ya Arduino niliyofungua kwenye menyu bado inagoma??

seva_tabora: Lazima igome. Programu inarithi magrupu kutoka kwa iliyoizaa, na orodha yenyewe inapangwa pale unapologini. usermod inaandika tu kwenye /etc/group, haigusi kinachotembea tayari, na menyu yako ilizaliwa kabla hujajiongeza. Piga `id` halafu `id $USER` kwenye teminali mpya, utaona majibu hayafanani. Hata tmux (programu ya kufungua madirisha mengi ndani ya teminali moja) iko hivyo, ukifungua dirisha jipya linarithi ya zamani.

fundi_kibirizi: Basi kwa hiyo programu moja sg ndo bora kuliko zote, inaendesha amri moja tu kwa grupu unalotaja, `sg dialout -c arduino`, ikifungwa imeisha, teminali yako haijaguswa. Na wengine mnaosoma hii, hiyo -a ya kwenye `usermod -aG` msiiache jamani, ukiandika -G peke yake unatolewa kwenye magrupu mengine yote ya ziada, hadi la sudo!

binti_ujiji: sg imekubali, namba za joto zinaingia na faili linaendelea kushuka. Asanteni sana.

seva_tabora: Safi. Likimaliza logauti kawaida, ukirudi hata kwenye menyu itafunguka bila sg.