Posta za mashambani: zifungwe, au tuzilipie?

Mkaazi wa Tudor
Nauliza swali na naomba tujibizane kwa utulivu. Posta ya Kenya ina ofisi mia sita na ushei nchi nzima. Maniorda, yaani kutuma pesa kwa posta, iliuawa na M-Pesa tangu 2007, taarifa za benki zimehamia kwenye simu, na kinacholeta pesa sasa ni kodi ya masanduku na vifurushi. Mie nasema ofisi ndogo ndogo zifungwe, kazi yake apewe mwenye duka wa karibu, na kitakachookolewa kiwalipe mishahara kwa wakati wale watakaobaki. Tena tuambiane ukweli: huko mashamba nani anaandika barua siku hizi?

Mwana wa Kinango
"Huko mashamba." Soma ulichoandika, kaka. Wewe posta kuu ya Barabara ya Digo waifikia kwa tuktuk na kurudi kabla chai haijapoa. Mama yangu huamka alfajiri, akateremka hadi barabarani kungoja matatu, na akirudi ni magharibi. Barua hatuandiki, kweli. Tunapokea. Barua za pensheni ya marehemu babangu zilikuja kwa posta. Wewe waitwa kwa baruapepe, sisi je?

Bintimwembe
Na neno mashamba limekosa nini jamani? Sisi watu wa kisiwani tumekua tukisema "twenda shamba" kwa furaha kabisa. Nyanya yangu alikuwa na minazi Mtwapa, likizo zote tulikuwa huko. Si tusi. Ama kuhusu posta, hawa wana benki yao, kwa nini faida ya benki isilipie hizo ofisi?

Ami wa Likoni
Dunia nzima inaelekea huko, wanangu. Denmark shirika lao liliacha kabisa kupeleka barua mwisho wa 2025, baada ya miaka 400. Uingereza walifunga ofisi kama 2,500 mwaka wa 2007 na 2008, na nyingi zilizobaki ziko ndani ya maduka. Mwenye duka auza sukari, auza stempu. Tatizo liko wapi?

Karani Mstaafu
Ami, hao wenye maduka wa Uingereza ndio hao hao walioshtakiwa wizi kwa sababu kompyuta ya posta ilihesabu vibaya. Zaidi ya 900 walihukumiwa, na wengine walifungwa jela bila kosa. Wakala ni sawa, lakini uliza kwanza pesa zikipungua kwenye daftari nani atabeba.

Na wewe binti, Benki ya Posta si mali ya Posta. Ina sheria yake tangu 1978, faida yake haigusi kaunta yetu.

Nimekaa nyuma ya kaunta miaka 31, kwa hivyo nivumilieni. Zamani tulikuwa shirika moja, Posta na Simu. 1999 tukagawanywa: simu zikaenda Telkom, usimamizi ukaenda kwa tume ya mawasiliano, sisi tukabaki na barua. Simu ndiyo iliyokuwa na faida, na faida hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba ofisi ya kijijini. Walipochukua ng'ombe wa maziwa wakatuachia ndama, kisha kila mwaka watuuliza mbona hatukamui. Sheria bado yatutaka tumfikie kila Mkenya, wa Lamu na wa Lunga Lunga, kwa bei moja. Kazi hiyo ina gharama na lazima ilipwe na mtu. Kampuni za mawasiliano hutoa nusu ya asilimia moja ya mapato yao kwa Mfuko wa Huduma kwa Wote, na minara ya simu imejengwa kwa pesa hizo. Kaunta ya posta nayo ni huduma kwa wote. Ipewe fungu.

Mwana wa Kinango
Mzee umesema vyema, lakini narudi kwa dada. Minazi ya nyanya yako Mtwapa, nani aliyekuwa akiipalilia? Nani akiangua? Watu wetu wamezaliwa na kuzikwa kwenye mashamba hayo na mpaka leo waitwa maskwota. Nyinyi mlikuja likizo. Ndiyo maana neno hilo latuuma.

Bintimwembe
Hasha! Nyanya yangu hakumfukuza mtu hata siku moja. Waliokaa pale walikuwa majirani, harusi tukila pamoja. Usinibebeshe mie dhambi za karne nzima kwa sababu ya neno moja.

Mwana wa Kinango
Sikusema alifukuza. Nimeuliza hati ilikuwa na jina la nani.

Mkaazi wa Tudor
Jamani, mada ilikuwa posta.

Mwana wa Kinango
Hii ni posta hasa! Wapimaji wa ardhi walipokuja kwetu, kila mtu alitakiwa aandike anwani. Kijiji kizima tuliandika S.L.P. ya shule ya msingi, kwa sababu hatuna nyingine. Mwalimu mkuu ndiye tarishi wetu. Ofisi yenye sanduku hilo ikifungwa, sanduku lahamia mjini, na mwalimu hana nauli ya kila wiki. Barua ikikaa miezi mitatu, muda wa pingamizi umepita. Huko Denmark, Ami, kila mlango una nambari. Kwetu mlango wa nyumba hauna hata jina la njia.

Ami wa Likoni
Hilo la shule sikulijua. Sisi Likoni kivuko kikikwama ndiyo twajiona tuko mbali na dunia.

Mkaazi wa Tudor
Basi nieleweke, sikusema zifungwe zote. Nilisema zile zisizo na watu. Yenye masanduku yanayotumika ibaki, hata ikifunguliwa siku mbili kwa wiki. Marekani mwaka wa 2012 walipunguza saa za kazi kwenye maelfu ya ofisi za mashambani badala ya kuzifunga.

Karani Mstaafu
Hukusema hivyo mwanzo, lakini nalikubali. Siku mbili zatosha, mradi ziwe zile zile kila wiki na karani awepo kweli.

Bintimwembe
Kaka wa Kinango, sisi tuna sanduku la familia hapa mjini. Kama mama ana barua ya ardhi anayoingoja, atumie letu, nitampigia simu ikifika. Nasema kwa moyo safi.

Mwana wa Kinango
Ahsante dada, nimeipokea. Lakini kijiji kina nyumba zaidi ya mia, na barua ya ardhi ya watu wote hao haiwezi kukaa Mwembe Tayari.

Karani Mstaafu
Kijana, kodi ya sanduku la shule imelipwa mwaka huu? Muulize mwalimu kesho asubuhi na aangalie risiti. Ikiwa haijalipwa wanaweza kulifunga, na hapo hata ofisi ikibaki wazi hampati kitu.