Tupeane uzoefu: Nyumba za bei nafuu Kenya, wanunuzi hukwama wapi?

Mwanzisha mada: Karibuni. Watu wanapoteza pesa na nafasi kwa kutojua taratibu za Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizi. Mwenye ujuzi wa ushuru, mikopo au ujenzi aandike hesabu na hatua ambazo msomaji ataweza kuzifuata.

Mhasibu wa mishahara: Ushuru wa nyumba si akiba yako. Hapo ndipo wengi hukosea. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 humkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, naye mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Kwa mshahara wa sh40,000, wewe unatoa 600 na mwajiri 600. Zinapaswa kufika KRA, mamlaka ya kodi, ndani ya siku 9 za kazi baada ya mwezi kuisha. Zikichelewa, faini ni asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Hata ukikatwa miaka kumi, hakuna shilingi inayoingia kwenye arubuni yako, yaani malipo ya awali ya nyumba. Arubuni unaiweka mwenyewe, kando, kupitia akaunti ya Boma Yangu. Kujisajili ni bure, kwa hiyo anayekudai pesa ili usogezwe mbele ni tapeli.

Afisa mikopo, Sacco: Kabla ya kuuliza bei, uliza riba. Chukua nyumba ya sh1,000,000. Ukilipa arubuni ya asilimia 10, inabaki 900,000. Kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 9 unalipa takriban sh8,100 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 13 unalipa kama sh10,550. Nyumba ni ile ile!

Halafu kuna theluthi. Sheria ya ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Mwenye 30,000 lazima abaki na 10,000 baada ya kodi, NSSF (pensheni), SHA (bima ya afya), ushuru wa nyumba na kila mkopo anaokatwa kazini. Kwa hiyo mkopo mdogo wa friji unaweza kukufungia mlango. Umalize kwanza, ndipo uombe wa nyumba.

Mama mboga na wa bodaboda hawana hati ya mshahara. Mauzo yote yapite njia moja, M-Pesa au benki, miezi sita au zaidi kabla ya kuomba. Pesa taslimu haionekani popote. Inauma sana mtu anayelipa kodi ya nyumba ya kupanga kila mwezi bila kukosa kunyimwa mkopo kwa kukosa karatasi, na hapa sera bado haijamfikia.

Mkaguzi wa majengo: Usitie sahihi ya kupokea funguo siku ya sherehe ya kukabidhi nyumba. Rudi na ndoo, chaja ya simu na kalamu. Mwaga lita 20 bafuni: maji yakituama, sakafu haina mteremko, na baadaye yatapenya hadi dari ya jirani wa chini. Gonga vigae, kinacholia kitupu hakikushika saruji. Jaribu kila soketi, fungua mabomba yote kwa pamoja uone nguvu ya maji. Andika kasoro zote, mkandarasi atie sahihi, ubaki na nakala. Muda wake wa kurekebisha una mwisho, nao umo kwenye mkataba.

Mchangiaji: Nikihamishwa kikazi, naweza kuuza?

Afisa mikopo, Sacco: Si bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Na ada ya lifti, pampu na taka inaendelea kila mwezi, uwepo usiwepo, kwa hiyo ijumlishe na ile 8,100 ya mkopo tangu mwanzo.