Re: Rufaa ya DPP (mpango wa kuzuia kisukari, Uingereza) imepotea, nikihama GP (daktari wa mtaa) naanza upya?

Mama K, Reading:
Mbukwenyi wadau. HbA1c yangu (kipimo cha wastani wa sukari ya damu) imesoma 44, daktari akasema niko mpakani mwa kisukari, ananiandikia rufaa ya DPP. Leo mapokezi wanadai rufaa haionekani. Mwisho wa mwezi natoka Reading nahamia Leicester, hukuhuku Uingereza. Nikibadili GP, inanifuata au naanza moja? Halafu kwa BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 28 wameniandika "unene uliokithiri", wakati Mzungu ninayefanya naye kazi, 28 hiyohiyo, kaambiwa kazidi uzito tu. Ubaguzi gani huu?

Mpwapwa Kwetu:
Pole dada. Kiribatumbo, yaani huo unene uliokithiri, kinaanzia 30, kila mtu anajua. Wakomalie!

Nesi wa Kondoa:
Mdogo wangu, soma kabla ya kujibu. Hiyo 30 ni ya Wazungu. NICE, wanaotoa miongozo ya tiba huku, kwa weusi na Waasia wanatumia 23 kwa kuzidi uzito na 27.5 kwa kiribatumbo, kwa sababu sukari hutukamata tukiwa na uzito mdogo kuliko wao. Mama K, chukua futi ya cherehani upime kiuno juu kidogo ya kitovu. Kikifika nusu ya urefu wako, hapo ndipo pa kuhofia. Na kama una vinasaba vya selimundu waambie, HbA1c inaweza kudanganya.

Shangazi, Minneapolis:
Mimi nilikulia Hombolo, jembe mkononi, ugali wa uwele na mlenda. Huku ni gari, kiti na soda. Lakini msisingizie ughaibuni: mdogo wangu hajatoka Dodoma na kanizidi kilo. Chipsi mayai usiku, bodaboda mpaka mlangoni. Nami nilipojitahidi nikapungua, mama mkwe akampigia mwanawe simu: "Mkeo humlishi, au anaumwa?" Nikarudi kwenye chapati.

Mpwapwa Kwetu:
Bodaboda zinalisha wadogo zetu, shangazi, ziache. Wangetupa uraia pacha tungekuwa tumesharudi kulima zabibu, na vitambi vingeisha vyenyewe.

Nesi wa Kondoa:
Uraia pacha haushushi HbA1c. Tafadhali tusitoke nje ya mada.

Mama K, Reading:
Asanteni, kiuno nimepima, sisemi. Lakini Leicester je?

Shangazi, Minneapolis:
Leicester umepata, mwanangu! Wahindi wamejaa. Ingia duka lao lolote uulize bajra, ndio unga wa uwele wetu. Mlenda mkavu agiza nyumbani, na asikudanganye mtu kwamba bamia ni kitu kilekile.